Kwa mafundi vijana: mota iliyosimama si mota iliyokatwa umeme

Wanangu,

Nimeshastaafu kushika bisibisi, lakini kidole gumba changu cha kulia kina kovu jeupe, na nikilitazama nawawaza ninyi mnaofungua paneli leo. Kovu hili sikulipata kwenye mota inayozunguka. Mota ilikuwa imesimama kimya.

Nilikuwa nimezima, feni imenyamaza, skrini ya inveta, kifaa kinachoendesha mota na kupanga kasi yake, imezimika. Mashine ilikuwa inasubiriwa, nami nikafungua mfuniko papo hapo. Ndani ya inveta mna kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji, nazo hubaki zimejaa umeme kama mtungi unavyobaki na maji bomba likishafungwa. Kwenye fezi tatu za volti 400, kapasita hizo hubeba takriban volti 565 za DC, yaani umeme wa mkondo mnyoofu kama wa betri. Kibandiko kwenye mfuniko kilisema ningoje. Nilikisoma, sikungoja, umeme ukaninasa kidole gumba. Dakika zenyewe mara nyingi ni 5 hadi 15 tu, wanangu. Mkono wa kushoto haukuwa umeshika chuma siku ile. Ungekuwa umeshika, umeme ungepita kifuani, na makumi machache ya miliampia yanatosha kuvuruga mapigo ya moyo.

Kitufe cha kusimamisha mota kinaisimamisha, hakikati umeme. Mota inaweza kutulia huku vituo vyake, pale nyaya zinapofungwa, vina umeme kutoka kwenye inveta. Kata kwenye swichi kuu ya mota hiyo, tia kufuli lako mwenyewe, ufunguo uingie mfukoni mwako. Usimwachie mwenzako, hata mkiwa ndugu wa kuzaliwa. Kisha ngoja, kisha pima. Anza kuijaribu mita mahali unapojua pana umeme, ndipo upime fezi kwa fezi, kila fezi na ethi (waya wa ardhini), na DC ya kapasita, halafu urudi kuijaribu palepale pa kwanza. Vijana wengi huiruka hatua hii ya mwisho. Mita ikifa katikati ya kazi itakuonyesha sifuri, nawe utaiamini.

Umeme una milango mingine. Mota nyingi kubwa zina hita ya kuzuia unyevu, yenye njia yake ya umeme, nayo huwaka hasa mota ikiwa imezimwa. Mota yenye sumaku za kudumu huzalisha umeme shafti ikizunguka, hata kama inazungushwa na upepo unaopita kwenye feni au maji yanayorudi kwenye pampu. Ifunge shafti kwanza. Na ukishapima insulesheni, yaani kizuizi cha umeme kwenye nyaya, kwa kipimo kiitwacho mega, koili hubaki na chaji. Iondoe kabla hujagusa.

Mota za volti 3,300 au 6,600 ni habari nyingine. Huko umeme unaweza kuruka hewani kabla kidole hakijafika, na mita yako ya mfukoni inaweza kulipuka mkononi. Kama hujafundishwa kazi hiyo na huna kibali cha maandishi, kataa. Anayekuharakisha hatasimama mahali pako.

Mwenzako akinaswa, usimshike. Kata umeme kwanza. Kama ni umeme mkubwa, kaa mbali mpaka ithibitishwe kuwa umekatwa. Kama hapumui, mmoja wenu aite msaada na mwingine abonyeze katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Na akiinuka mwenyewe akasema yuko sawa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mimi nilisema niko sawa, nikamaliza zamu. Usiku ule moyo ulirukaruka kifuani, mke wangu akakesha ameushika mkono wangu, akihesabu mapigo hadi alfajiri.

Mzee wenu,
fundi mstaafu wa mota