Shukrani kwa daktari wa jino la mbele

Daktari uliyelitibu jino la mbele la mtoto wa miaka 8 hapa Dodoma, hukuandika jina kwenye kadi. Sisi wahudumu wa meno tumeiona eksirei na maelezo yako, na tunakushukuru kwa dhati.

Mzizi ulikuwa haujakomaa: ncha wazi kama faneli, kuta nyembamba. Jino la namna hii huvunjika kwa urahisi shingoni, pale taji linapokutana na mzizi, hasa likikaa na kalsiamu hidroksaidi, dawa ya kuua vijidudu ndani ya mzizi, miezi mingi, kwani dawa hiyo hudhoofisha dentini, yaani sehemu ngumu inayounda kuta za mzizi. Wewe uliiacha wiki mbili tu. Ulisafisha ndani ya mzizi kwa hipokloriti, dawa ya maji ya kuua vijidudu, ya asilimia 1.5, polepole, sindano ikiwa mbali na ncha; ikipenya nje ya mzizi, uso huvimba na maumivu huwa makali mno. Kisha kwenye ncha kizibo cha MTA, saruji maalumu ya meno, milimita 4, kimeshindiliwa bila mwanya, na pamba mbichi juu yake, maana MTA huganda kwa unyevu.

Kilichotugusa zaidi ni kompoziti, kijazio cha rangi ya jino kinachogandishwa kwa mwanga. Uliishusha hadi chini ya usawa wa fizi, tabaka za milimita 2, kila moja ikamulikwa taa. Wengi huishia kuziba tundu la juu tu, shingo ikabaki dhaifu.

Ahsante sana, daktari. Mungu akuzidishie.