Mtoto anayejikata aulizwe, asichapwe

Ndugu Mhariri,

Novemba hapa Masasi jua halina huruma, lakini binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 15, alikuwa akishinda na sweta la shule. Nilidhani ana homa. Nikamgusa paji la uso, hana joto. Jioni moja akiosha vyombo akajisahau, akapandisha mikono ya sweta. Nikaona mistari mkononi, mingine imepona, mingine mibichi.

Kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye sauti, basi nikamwita. Akasema mtoto anadeka, achapwe. Jirani akasema ni majini. Kwenye kituo kimoja cha afya tuliulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kuulizwa jina. Siku mbili nzima watu wazima tulimjadili mtoto akiwa amekaa palepale, na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Usiku nikamkalisha kwenye mkeka, moyo ukinidunda, nikamuuliza wazi: "Mwanangu, unataka kufa?" Alilia sana. Kisha akasema hapana, si kufa, ila kuna siku kichwa kinamzidi, na akishajikata aibu inarudi maradufu. Toka mama yake afariki hakuwahi kumwambia mtu.

Niliogopa kwamba kuuliza ningempandikizia wazo. Muuguzi aliyekuja kutusaidia baadaye alinitoa hofu: kuuliza hakupandikizi, bali kunamfungulia mtoto mlango. Akanieleza kuwa wengi wanaojikata hawatafuti kufa, wanatafuta namna ya kubeba maumivu. Hata hivyo, aliyejidhuru yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kujiua kuliko ambaye hajawahi. Kwa hiyo anayesema "anatafuta sifa tu" anakosea vibaya. Shirika la Afya Duniani linasema kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa vijana wa miaka 15 hadi 29. Mtoto akianza kugawa vitu vyake, kuaga aga, au kusema yeye ni mzigo nyumbani, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Na sisi wakulima wa korosho tuna letu la kujibu. Dawa za kupulizia mikorosho tunaziweka uvunguni, chumba wanacholala watoto. Wazo la kufa mara nyingi huja kwa kishindo na kupita. Katika muda ule mfupi, kilicho mbali na mkono huokoa maisha. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka sana. Mimi za kwangu nimezifungia kwa kufuli, ufunguo natembea nao kwenye pindo la kanga.

Serikali nayo iitazame Kanuni ya Adhabu, inayohesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na katiba yao. Kwetu familia inaficha mgonjwa kwa kuogopa polisi, na mgonjwa aliyefichwa hatibiwi.

Shuleni yupo mwalimu wa malezi, lakini mara nyingi asubuhi ndiye huyohuyo anayeshika fimbo. Mtoto atamwambia nini mchana? Naomba kazi hizo mbili zitenganishwe. Makungwi wetu pia, wanaokaa na mabinti unyagoni wakiwafunda habari za mwili na ndoa, waongeze na habari za huzuni, maana pale mabinti wanasikiliza.

Binti bado analivaa sweta lile siku nyingine. Nikimwona nalo simgombezi. Namsogezea kigoda, tunachambua mchele pamoja, namuuliza, na siku nyingine ananijibu. Namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, ni ya bure. Naomba uichape kwa herufi kubwa.

Mama mlezi,
Masasi, Mtwara