Tukate mkwaju au tupunguze uwanja?

Ndugu mhariri, salaam. Nawasalimu pia wasomaji wenzangu, hasa mafundi ujenzi na yeyote aliyewahi kutengeneza uwanja wa mpira wa kikapu nyumbani kwake.

Kwamba uwanja ujengwe, mimi na baba watoto tumeshakubaliana. Binti yetu yuko kidato cha pili, anacheza kikapu na anataka kuingia kwenye timu ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Uwanja wa shule ni vumbi na mchanga, mpira haudundi inavyotakiwa. Wenye sakafu ngumu uko mbali na nyumbani, na kurudi peke yake giza likiwa limeshaingia kunamnyima baba yake usingizi. Wadogo zake wawili nao wameshaambukizwa. Fedha tumekuwa tukiiweka kidogo kidogo, na eneo tunalo hapa hapa nyuma ya nyumba. Tunachoshindwa kukubaliana ni mahali pa kulimwaga hilo zege.

Tunaishi Kizota, Dodoma. Ua wa nyuma una mita 25 kutoka mashariki hadi magharibi, na mita 18 kutoka ukuta wa jikoni hadi uzio wa kusini. Ardhi yake ni ya aina mbili. Upande wa mashariki, kama mita 14 hivi, ni udongo mwekundu wa kichanga, mgumu, ambao nyumba yetu imesimama juu yake bila ufa. Mita 11 zilizobaki za magharibi ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani. Wenyeji wa Dodoma mnaujua: mvua za Desemba zikianza unavimba na kunata kwenye kandambili, na kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto. Zege jembamba likilazwa juu yake linanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka livunjike.

Basi ungedhani jibu ni rahisi, twende kwenye udongo mwekundu. Lakini huko ndiko uliko mkwaju.

Mkwaju huu aliupanda marehemu baba mkwe alipopewa kiwanja, kabla mume wangu hajaanza shule. Mama mkwe, tunayeishi naye, anashinda chini yake kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linapopoa. Hapo ndipo anapochambua mboga na kupokea wageni wake. Ukwaju wake tunakunywa mwaka mzima na majirani wanaokota. Kwa jua la hapa, mti wenye kivuli cha namna ile hauchipui kwa mwaka mmoja wala mitano. Mkwaju unakua polepole mno.

Baba watoto anataka ukatwe. Hoja yake siyo ya mtu asiyependa miti. Amepima: mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka katikati ya ringi, na ukitaka binti aweze kulenga kutoka kila pembe unahitaji upana wa zaidi ya mita 13. Upande mwekundu una 14. Kwa hiyo zege la mita 14 kwa 11 linaenea pale bila kugusa udongo mweusi, na goli litakaa kusini, mbali na madirisha ya jikoni. Wachezaji wakielekea kusini, jua la jioni litakuwa mkono wao wa kulia, si machoni. Anasema tukijenga tujenge mara moja.

Fundi wetu akaleta njia nyingine: uwanja ukae magharibi, kwenye udongo mweusi, goli likiwa kwenye uzio wa magharibi. Hiyo siipendi kabisa. Kwanza, mtoto atakuwa analenga goli huku jua la saa kumi na moja likimpiga usoni, na huo ndio wakati wanaotoka shule. Pili, mpira ukikosa goli utaangukia kwenye uzio wa minyaa, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Minyaa hiyo nitaiondoa hata tukijenga kwingine, hilo nimeshaamua. Tatu, ni huo udongo wenyewe. Fundi anasema tuuchimbe, tuutoe, tujaze moramu, kile kifusi cha changarawe, na kuishindilia tabaka kwa tabaka kabla ya zege. Nimemuuliza tuchimbe kwenda chini kiasi gani, akanijibu nusu mita. Fundi wa pili akasema nusu mita ni kutupa fedha, tuchimbe mita nzima. Hizo ni lori nyingi za udongo wa kutoa na lori nyingi za moramu ya kuingiza.

Mimi pendekezo langu ni uwanja mdogo kwenye udongo mwekundu, mita 9 kwa 10, mkwaju ubaki. Utakuwa mita nne kutoka kwenye shina. Eneo la chini ya goli, lenye upana wa mita 4.9 na urefu wa 5.8 hadi mstari wa mitupo huru, linaingia lote. Pointi tatu za mbele ya goli zinaingia pia. Zinazopotea ni zile za pembeni kabisa. Binti amenuna kidogo kwa hilo, na ninamwelewa, maana kocha wake humsimamisha pembeni. Lakini zege la unene wa sentimita 10 kwa uwanja huu ni mita za ujazo 9, kama mifuko 58 ya saruji kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto. Ule wa baba yao unakaribia mifuko 100. Tofauti hiyo inatosha kununua wavu wa chuma wa kulaza ndani ya zege na nguzo ya maana.

Nguzo hainipi shida sana. Ringi itakuwa mita 3.05, na fundi wa kuchomelea ameahidi matundu ya boliti ili tuishushe hadi 2.60 kwa ajili ya mdogo wa mwisho. Nimemsisitizia tu kwamba ubao wa mita 1.80 kwa 1.05 unabeba upepo mwingi, na upepo wa hapa mwezi wa nane sote tunaujua.

Kinachonisumbua zaidi ni maji. Mvua moja ya milimita 40 juu ya uwanja wangu mdogo ni lita 3,600, na juu ya ule mkubwa ni zaidi ya lita 6,000. Leo yanazama ardhini. Kesho yatateremka magharibi kwa mzee jirani yetu, ambaye tayari chumba chake cha nyuma kinaloa kila masika. Nilikwenda kumwamkia na kumweleza mpango wetu. Hakukataa, ila aliniuliza, "Mwanangu, hayo maji mmeyatafutia njia?" Nilimwambia tutayatafutia, na nimekusudia kulitimiza. Nafikiria kuupa uwanja mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mashariki, maji yaingie kwenye mtaro wa kokoto kuzunguka mkwaju na miche michache ya mizabibu. Katika mji wenye mgao wa maji na mvua ya kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, naona uchungu kuyaacha yapotee.

Naomba mnisaidie haya. Je, mita nne zinatosha ili mizizi ya mkwaju mkubwa isilinyanyue zege, au nikate mizizi ya upande mmoja, na mti utavumilia? Je, kulijaza shina maji ya mvua namna hiyo kutauozesha mti uliozoea ukame? Na kwa mliojenga juu ya udongo mweusi hapa Dodoma, mlichimba kiasi gani, na zege lenu likoje baada ya masika mawili au matatu? Jibu hili nalihitaji kwa sababu likiwa zuri, tunaweza baadaye kuongeza zile pembe za binti kwa upande wa magharibi, tukiacha mwanya kati ya zege la zamani na jipya.

Fundi anataka kumwaga zege kabla ya mwisho wa Oktoba, alfajiri, kabla jua na upepo havijalikausha kabla ya wakati, ili tupate wiki nzima ya kulimwagilia kabla mvua hazijaanza. Baba watoto amekubali kusubiri majibu yenu kabla ya kumwita mwenye msumeno.

Mama wa watatu,
Kizota, Dodoma