Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Wahumanisti

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka ya jumuiya yetu ya wahumanisti, yaani watu tunaoongozwa na akili na utu badala ya dini. Mijadala ya kila mwezi, Siku ya Wahumanisti Duniani tarehe 21 Juni, uchangiaji damu na ziara za wagonjwa vyote vilifanyika. Wengi mlikuwepo, sitavirudia.

Lililotugawa ni Tamko la Misimamo na Malengo ya jumuiya yetu, lililopigiwa kura mkutanoni. Imesemwa kwamba mwenyekiti alilazimisha. Hapana. Rasimu ilisambazwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mkutano, na mimi mwenyewe niliwapigia simu waliokaa kimya. Ubishi wote ulikuwa juu ya sentensi moja: "Tunatafuta majibu kwa akili, ushahidi na huruma, bila kutegemea nguvu zipitazo maumbile." Baadhi yenu mlitaka tuishie kwenye "huruma" ili jamaa zenu wasiudhike. Nilikataa, na bado nakataa. Tukiikata hapo tunabaki kikundi cha watu wema, na watu wema wamejaa misikitini na makanisani pia. Anayekuja kwetu mara ya kwanza, hajamwambia hata mama yake kwamba ameacha kusali, ana haki ya kujua amefika kwa nani.

Wengine mlihofu tamko litageuka msahafu. Tamko la Amsterdam, ambalo ni tamko la msingi la wahumanisti duniani, lilipitishwa mwaka 1952, likaandikwa upya 2002, kisha tena 2022. La kwetu nalo linarekebishwa kwa theluthi mbili ya kura. Kifungu hicho nilikipendekeza mimi. Wala hatumpigi vita muumini. Ibara ya 18 ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948 inamlinda yeye kama inavyotulinda sisi, pamoja na haki ya kubadili dini.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Wanachama 71, waliolipa ada 29, waliopiga kura 24: ndiyo 17, hapana 7. Waliolalamika zaidi baadaye hawakufika wala kutuma maoni. Mweka hazina amekumbusha hadi amechoka, na ukumbi unalipiwa na walewale kila mwezi. Jamani, hii si haki.

Mwakani tunatarajia kuanzisha darasa la maadili kwa vijana na, hali ikiruhusu, kuomba uanachama katika shirikisho la kimataifa la wahumanisti. Uchaguzi wa kamati nao unakaribia. Nitagombea tena, na wasioafiki tamko nawaomba wagombee pia, ila walipe ada kwanza.

Mwenyekiti