Waumini hawakupinga, waliuliza

Ndugu Mhariri,

Ripoti yenu ya ule mkutano wa nishati safi ilisema watu wa dini wanapinga maendeleo. Mimi nilikuwa ukumbini, nyuma kabisa, pamoja na mafundi wenzangu. Nimesoma gazeti lenu miaka yote bila kuwaandikia, lakini hii imenishinda.

Hakuna aliyepinga. Mama mmoja wa kikundi cha parokia kinachopanda miti alisimama, akauliza: hizo bateri mnazotusifia, kobalti yake, yale madini ya ndani, si ile watoto wanayoichimba kule Kolwezi, mji wa migodi? Mtaalamu akacheka, akasema mambo ya dini yabaki kanisani. Watu wakaguna, nanyi mkauandika mguno ule kuwa ni upinzani! Swali lilikuwa na jibu, tena jepesi: bateri za lithiamu za chuma na fosfati hazina kobalti hata chembe, na ndizo ninazofunga mimi kwenye sola za wateja. Angemjibu hivyo, pengine yule mama angeuliza bei. Papa Fransisko mwenyewe, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitaka makaa ya mawe na petroli viachwe hatua kwa hatua, bila kuchelewa. Mtu amekuja na waraka huo mkobani, wewe unamcheka kwa lipi?

Nanyi watu wa Mungu msishangilie mapema. Jumapili mnahubiri kutunza uumbaji. Usiku wa mkesha jenereta inanguruma hadi alfajiri, moshi wote dirishani kwangu, na spika mmezielekeza barabarani.

Halafu pande zote mbili mmeisahau mbabula, jiko letu la makaa. Sola ndogo inawasha taa na kuchaji simu, haisongi bukari, ugali wetu. Ndiyo maana miti ya miombo inaingia mjini kila asubuhi ikiwa makala, yaani makaa ya kupikia, imefungwa juu ya baiskeli. Umeme wa bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, unakuja Kolwezi tangu miaka ya 1980 kwa waya wa kilomita 1,700 hivi, uliovutwa kwa ajili ya migodi. Lakini sisi wa mtaa wa Katuba tunakatiwa umeme mboga ikiwa haijaiva. Hapo padri, mchungaji na injinia wangedai kwa sauti moja, nani angewazuia?

Mkutano ujao basi ufanyike uani, si hotelini. Kila mtaalamu na kila mhubiri apewe mbabula, sufuria na unga, na asiguse maikrofoni kabla bukari yake haijaiva. Mfuko wa makala nitaununua mimi.

Fundi umeme,
Katuba, Lubumbashi