Mabehewa ya Jumamosi

Wakuu, habari za jioni. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana palepale Ngamiani kwa kazi ya mabehewa ya abiria ya treni zetu ndogo za modeli. Kila mtu aje na lake, yale ya plastiki ya bei chee. Ya bei mbaya yaacheni kabatini.

Kabla ya kuja, fungueni behewa, toeni vioo, lioshwe kwa sabuni ya vyombo na likauke kabisa. Mafuta ya vidole yakibaki, rangi itabanduka tu. Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, tutapuliza nyembamba, mara mbili tatu, si kumwaga kama mnapaka ukuta. Na unyevu wa Tanga mnaujua: mvua ikinyesha hatupulizi, tutapaka viti vya ndani kwa brashi.

Magurudumu ya plastiki yanatoka, yanaingia ya chuma. Uzito nao: behewa la HO (kipimo cha modeli cha 1:87) la sentimita 25 linatakiwa lifike gramu 170 hivi, la sivyo linaacha reli kwenye kona. Nati kuukuu zinatosha, zigandishwe sakafuni, sawa mbele na nyuma.

Mchango wa praima ni 5,000, mpeni mhazini kabla ya Ijumaa. Mnajijua.