Salamu za Thrue Bab kwa wenye nyumba na walio mbali nazo

Heri ya Thrue Bab! Kwa majirani zangu Wabhutani hapa Perth, Australia, kwa wazazi wao walioko Paro, Bhutan, na kwa kila aliyeamka leo kabla ya jua akajimwagia maji ya baridi: Tashi Delek, yaani heri na baraka.

Kwa mnaoisikia sikukuu hii mara ya kwanza, ni siku ya kuagana na msimu wa mvua. Huangukia Septemba, tarehe ikipangwa na wanajimu, na Wabhutani wanaamini kwamba siku hiyo maji yote, ya mtoni hata ya bomba, yana baraka ya kuosha nuksi na dhambi. Watu huogea nje alfajiri, kisha familia hukusanyika kwa uji wa mchele.

Leo jirani yangu amemwogesha mwanawe uani, kwenye beseni, kungali giza, mtoto akitetemeka huku anacheka. Hata taulo hajamfunga, ujumbe wa sauti ukaingia WeChat kutoka kwa bibi wa mtoto huko Paro, ambako bado ulikuwa usiku wa manane: mjukuu ameshaoga? Uji mmepika? Na hiyo nyumba ya huku, mtarudi lini kuikalia?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Magharibi na katikati ya Bhutan, kwa desturi, nyumba na shamba hurithiwa na binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Wasomaji wa Lamu hawatashangaa. Ndoa ikivunjika, mwanamume ndiye anayefungasha, mama na watoto wanabaki chini ya paa lao. Naiheshimu sana desturi hiyo. Lakini binti aliyerithi nyumba amerithi pia kuwatunza wazazi, na sasa huyo binti yuko Australia: mmoja katika ndoa anasoma, mwenzake anafanya kazi, na mara nyingi watoto wameachwa kwa bibi. Nchi yenyewe ilihesabu watu 727,145 tu katika sensa ya 2017, kwa hiyo kila anayeondoka anaacha pengo. Kule mashariki, Trashigang, kuna nyumba zilizofungwa kabisa, na mashamba ya jirani yanaliwa na nguruwe pori na kima. Oktoba 2024 Mfalme Jigme Khesar Namgyel Wangchuck mwenyewe alikuja Australia kuonana na watu wake.

Siwezi kuwalaumu walioondoka. Wameitoka nchi inayopima maendeleo yake kwa furaha ya taifa, na wanaipenda kwa dhati, ila mshahara ulikuwa hautoshi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Mama wa Paro anaweza kumrithisha mwanawe nyumba, lakini peke yake hawezi kumrithisha uraia. Katiba ya 2008 inataka wazazi wote wawili wawe raia. Baba asipojulikana, au akimkana mtoto, ni mama anayehangaika ofisi kwa ofisi, na mtoto anakua akiwa hana karatasi za nchi aliyozaliwa. Sioni haki hapo. Salamu za leo ni za mama hao kwanza.

Na ni zenu pia, Walhotshampa, watu wa kusini mwa Bhutan wenye asili ya Kinepali, mliopoteza uraia na makwenu. Zaidi ya 100,000 waliishi kwenye kambi za Nepal tangu miaka ya 1990, na wengi leo wako Marekani, katika miji kama Columbus ambako wapo pia Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Dashain, sikukuu yenu kubwa ya Kihindu, inakaribia. Mungu awajalie muipokee mkiwa na afya.

Kwa wazee wa Paro, mpunga mwekundu uvunwe wote salama Oktoba hii, na wajukuu waje likizo wakaule mpya. Tashi Delek!